Kutoka “aseme” hadi “hable”: mwongozo kamili wa hali tegemezi ya Kihispania kwa vitenzi vya kawaida

Kila kundi jipya la wanafunzi wangu wa Kihispania huteleza mahali palepale. Wakati uliopo wanaumaliza bila tabu, wakati uliopita wanaupita kwa jasho kidogo, kisha wanafika kwenye kile ambacho vitabu vya sarufi hukiita *presente de subjuntivo*, yaani hali tegemezi ya wakati uliopo, na daftari zinajaa wino mwekundu. Sentensi inayorudi kila muhula ni hii: *Quiero que mi hermano estudia.* Aliyeiandika alikusudia kusema “Nataka kaka yangu asome”, lakini alichoandika ni sawa na “Nataka kaka yangu anasoma”, sentensi ambayo yeye mwenyewe asingeitamka kwa Kiswahili hata akiwa usingizini.

Kwa maoni yangu, kosa hili linatokana na njia tunayofundishiwa. Wengi wetu hujifunza Kihispania kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hali tegemezi imebakia mabaki tu, na kwa sababu hiyo vitabu hivyo huieleza kama kitu cha ajabu kinachohitaji orodha ndefu za kukariri. Kiswahili kinayo hali hiyo, nasi tunaitumia tangu utotoni kila tunaposema “njoo ule” au “mwambie anyamaze”. Mwongozo huu unaanzia hapo.

## Vitu vya kuandaa

Andaa daftari, kalamu za rangi mbili, na simu yenye uwezo wa kurekodi sauti. Uwe tayari umejua kubadilisha vitenzi vya kawaida katika wakati uliopo wa hali ya kuarifu (*hablo, hablas, habla* na kuendelea). Kama bado, rudi huko kwanza, kwa sababu kila kitu hapa chini kinajengwa juu yake.

Andika pia vitenzi hivi kumi na viwili kwenye ukurasa wa kwanza. Vya *-ar*: *hablar* (kusema), *trabajar* (kufanya kazi), *estudiar* (kusoma shuleni), *descansar* (kupumzika). Vya *-er*: *comer* (kula), *beber* (kunywa), *leer* (kusoma maandishi), *aprender* (kujifunza). Vya *-ir*: *vivir* (kuishi), *escribir* (kuandika), *abrir* (kufungua), *recibir* (kupokea). Vyote vinafuata kanuni bila ubishi. Usiongeze kingine mpaka umalize hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Itambue hali tegemezi katika Kiswahili chako

Kabla ya kugusa Kihispania, andika sentensi kumi za Kiswahili zinazoanza na “nataka”, “naomba”, “afadhali”, “lazima” au zenye “ili” katikati. Kwa mfano: “Nataka usome”, “Afadhali wapumzike”, “Nimefungua dirisha ili hewa iingie”. Kwa kalamu ya rangi ya pili, pigia mstari irabu ya mwisho ya kitenzi cha pili. Utaona *-a* imegeuka *-e*: soma imekuwa “usome”, pumzika imekuwa “wapumzike”.

Angalia pia kilichotoweka. Hakuna *-na-*, *-li-*, *-ta-* wala *-me-*. Kitenzi kimevuliwa wakati, kwa sababu hakiarifu jambo lililotokea au linalotokea. Kinataja jambo linalotakiwa, linaloombwa au linalokusudiwa.

Hapa kuna mtego mmoja. Vitenzi tulivyovipokea kutoka Kiarabu, kama jibu, rudi, fikiri, samehe na safiri, havibadilishi irabu ya mwisho. “Nataka ajibu” ni hali tegemezi kamili, ingawa hakuna *-e* ya kuonekana. Ukifanya mazoezi kwa vitenzi hivyo unaweza kudhani kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa zoezi hili tumia vitenzi vya asili ya Kibantu.

## Hatua ya 2: Chukua mzizi kutoka kwenye nafsi ya kwanza

Chukua kitenzi katika nafsi ya kwanza umoja ya wakati uliopo, kisha ondoa *-o*.

*hablo* → *habl-*
*como* → *com-*
*vivo* → *viv-*

Mtu makini atauliza kwa nini tusikate tu *-ar*, *-er* au *-ir* kwenye kitenzi-jina, maana jibu ni lilelile. Kwa vitenzi vyetu kumi na viwili ni kweli. Hata hivyo, jizoeze njia hii ya *-o*, kwa sababu baadaye utakutana na *tengo*, *salgo* na *conozco*, ambavyo mizizi yake ya hali tegemezi ni *teng-*, *salg-* na *conozc-*, na mkono wako utakuwa umeshazoea kuitafuta mahali sahihi. Vitenzi sita tu ndivyo ambavyo nafsi ya kwanza haiishii kwa *-o* (*soy, estoy, voy, doy, sé, he*), na hivyo hujifunzwa peke yake siku nyingine.

## Hatua ya 3: Badilisha irabu

Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo usiikimbilie. Vitenzi vya *-ar* vinachukua irabu *e*. Vitenzi vya *-er* na *-ir* vinachukua irabu *a*.

hablar
niseme: *hable*
useme: *hables*
aseme: *hable*
tuseme: *hablemos*
mseme: *habléis*
waseme: *hablen*

comer
nile: *coma*
ule: *comas*
ale: *coma*
tule: *comamos*
mle: *comáis*
wale: *coman*

vivir hufuata *comer* bila tofauti yoyote: *viva, vivas, viva, vivamos, viváis, vivan.*

Sasa weka “useme” na *hables* bega kwa bega na uvikate vipande: u-sem-e, habl-e-s. Mzizi upo, irabu ya hali ipo, na nafsi ipo. Kiswahili kimeweka nafsi mlangoni, Kihispania kimeiweka uani. *U-* yetu ndiyo *-s* yao. Fanya vivyo hivyo kwa “waseme”: wa-sem-e, habl-e-n. Wanafunzi wangu wengi huacha kukariri jedwali wakishaona vipande hivi, kwa sababu kilichobaki ni kukumbuka alama tano za nafsi ambazo tayari wanazijua.

Lakini ufanano huu una hatari yake, na ni hatari inayotupata sisi hasa. Sikio la Mswahili limezoea kwamba *-e* ndiyo sauti ya kutaka na kuomba. Kwa hiyo anaandika *Quiero que come* akiwa na amani kabisa, kwa kuwa *come* inasikika kama “ale”. Sivyo. *Come* ni “anakula”. “Ale” ni *coma*. Usifuate *-e* yenyewe, fuata mabadiliko: kitenzi kilichozoea *a* kinapewa *e*, na kilichozoea *e* kinapewa *a*. Ukikosea mara kwa mara kwenye vitenzi vya *-er* na *-ir*, sababu ni hii, na dawa yake ni kuandika *coma*, *beba*, *lea*, *viva*, *abra* kila asubuhi kwa wiki nzima.

Mambo matatu madogo kabla hatujatoka hapa.

Nafsi ya kwanza na ya tatu umoja zinafanana. *Hable* ni “niseme” na pia “aseme”, na pia ni umbo la *usted*, yaani mtu unayemwambia kwa heshima. Pale msikilizaji anapoweza kuchanganyikiwa, taja kiwakilishi: *que yo hable, que ella hable, que usted hable*.

Umbo la *habléis* linatumika Hispania. Nchi za bara la Amerika zinazozungumza Kihispania hutumia *ustedes hablen*. Ukiwa unajifunza kwa ajili ya Meksiko au Kolombia, inatosha kulitambua unapolisoma.

Shadda, kwa bahati nzuri, iko upande wetu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo unapokaa katika *hable, hables, hablemos, hablen*. Ni *habléis* pekee inayoweka mkazo mwishoni, ndiyo maana ina alama. Usiongeze alama hiyo pengine popote, kwa sababu *hablé* yenye alama ni neno lingine kabisa: “nilisema”.

Rekodi vitenzi vyote kumi na viwili katika nafsi zote, kisha sikiliza. Umefaulu ukiweza kuvitaja bila kusita kati ya mzizi na irabu.

## Hatua ya 4: Linda sauti kwa kubadilisha tahajia

Vitenzi vingine ni vya kawaida kwa sauti lakini hubadilika kwa maandishi. Mswahili ataelewa haraka akisoma kwa sauti. *Busco* inasikika “busko”. Tukibadilisha irabu tunataka sauti “buske”. Kwa kuwa herufi *c* mbele ya *e* haisomwi k, bali s, au kama *th* ya “thelathini” katika sehemu kubwa ya Hispania, waandishi wa Kihispania huandika *que*: *busque*. Vivyo hivyo *pago* inakuwa *pague*, kwa sababu *page* ingesomwa kwa sauti inayokaribia *kh* ya “kheri”. *Cruzo* inakuwa *cruce*, maana *z* kwa kawaida haiandikwi mbele ya *e*.

Kwa ufupi: *-car* hutoa *-que*, *-gar* hutoa *-gue*, *-zar* hutoa *-ce*, nayo mabadiliko hayo yanabaki katika nafsi zote sita. Vitenzi kama *recoger* na *distinguir* havina shida, kwa kuwa nafsi ya kwanza (*recojo*, *distingo*) imeshafanya kazi hiyo.

## Hatua ya 5: Unganisha kwa “que”, na uhesabu watenda

Kihispania hutenganisha hali mbili, na Kiswahili hufanya vivyo hivyo.

“Nataka kula.” *Quiero comer.*
“Nataka ule.” *Quiero que comas.*

Anayetaka akiwa ndiye atakayekula, tumia kitenzi-jina. Wakiwa watu wawili, tumia *que* na hali tegemezi. Hesabu watenda kabla ya kuandika. Ni kazi ya sekunde moja inayookoa sentensi nzima. Kwa hesabu hiyo utaepuka pia *Quiero mi hermano estudiar*, kosa la wanaopitia Kiingereza kwenda Kihispania.

Kiswahili kinaturuhusu kusema “nataka nile”. Kihispania hakiruhusu *quiero que coma* kwa maana hiyo, na msikilizaji atadhani unamzungumzia mtu mwingine. Tofauti ya pili ni kwamba sisi hatuweki neno lolote kati ya “nataka” na “ule”, ilhali Kihispania kinadai *que* kila mara. Kuiacha ni kosa dogo kwa macho na kubwa kwa sikio.

Neno “ili” linafuata mantiki hiyohiyo. “Nafanya kazi ili niishi” ni *Trabajo para vivir*, mtenda mmoja. “Nafanya kazi ili watoto wangu wasome” ni *Trabajo para que mis hijos estudien*, watenda wawili.

Jaribu jozi hii, ambayo ninaipenda kuliko zote kwa sababu tofauti yake yote imo katika herufi moja:

*Dice que Ana trabaja.* Anasema kwamba Ana anafanya kazi.
*Dice que Ana trabaje.* Anasema Ana afanye kazi.

Sentensi ya kwanza ni habari, ya pili ni agizo. Ukizisoma zote mbili na moyoni ukasikia “anafanya” na “afanye” bila kutafsiri neno kwa neno, hatua hii umeimaliza.

## Hatua ya 6: Tumia umbo hilohilo kuamuru, kukataza na kualika

Kiswahili kina “sema” kwa amri na “usiseme” kwa katazo, na katazo hilo ni hali tegemezi. Kihispania nacho: *habla*, lakini *no hables*. Kwa wengi huko Hispania: “semeni” ni *hablad*, “msiseme” ni *no habléis*. Mwaliko “tusome” ni *leamos*. Agizo la heshima kwa mtu mzima usiyemzoea linachukua umbo la *usted*: *Descanse, señora*, *Pase, por favor*.

Hapa *-e* yetu inatutega tena. Kiswahili kikiweka kiambishi cha mtendwa katika amri, irabu hugeuka: “saidia”, lakini “nisaidie”. Mwanafunzi anayemwambia rafiki yake *ayúdeme* amefuata “nisaidie” yake, kumbe amemwambia kwa umbo la *usted*, kana kwamba anamwomba afisa wa forodha. Kwa rafiki ni *ayúdame*. Katazo ndilo linalochukua hali tegemezi: *no me ayudes*.

## Hatua ya 7: Jua mahali njia zinapoachana

Mpaka hapa Kiswahili kimekubeba. Kuanzia sasa kitakudanganya, kwa sababu Kihispania hutumia hali tegemezi pia mahali ambapo sisi tunatumia viambishi vya wakati. Tenga siku kadhaa kwa hatua hii peke yake.

Mashaka na kukana. Tunasema “Sidhani kama anafanya kazi hapa”, na kitenzi kina *-na-*. Kihispania husema *No creo que trabaje aquí*. Lakini “Nadhani anafanya kazi hapa” ni *Creo que trabaja aquí*. Kinachogeuza hali ni kukana, kwa sababu msemaji hathibitishi tena jambo hilo.

Hisia. “Nafurahi kwamba unaishi karibu” ni *Me alegra que vivas cerca*. Hapa wanafunzi hulalamika kwa haki: jambo lenyewe ni la kweli, anaishi karibu, mbona isiwe *vives*? Jibu ni kwamba sentensi hii haikusudii kuarifu anapoishi, jambo ambalo wote wawili wanalijua. Inaeleza furaha ya msemaji juu yake.

Wakati ambao haujafika. “Ukifika, pumzika” ni *Cuando llegues, descansa*. Kipimo ni kimoja: je, kufika kumeshatokea, au bado? Kwa mazoea ya kila siku hali hubaki ya kuarifu: *Cuando llego a casa, descanso*, “Nikifika nyumbani, mimi hupumzika”. Kosa kubwa zaidi linatokana na *-ki-* yetu, ambayo inabeba maana mbili. “Ukifika mapema” inaweza kuwa *cuando llegues temprano*, yaani wakati utakapofika, au *si llegas temprano*, yaani endapo utafika. Baada ya *si* ya sharti, usiweke kamwe hali tegemezi ya wakati uliopo. Kabla ya kuandika, badilisha *-ki-* iwe “utakapo-” au “endapo”, na sentensi itakuchagulia yenyewe.

Kabla. Sisi tunasema “kabla hajafika”, kwa umbo la kukanusha. Kihispania husema *antes de que llegue*, bila *no*. Ukiweka *no* utakuwa umetafsiri Kiswahili.

Mtu au kitu kisichojulikana bado. “Natafuta mtu anayezungumza Kiswahili” na “Namjua mtu anayezungumza Kiswahili” zina “anayezungumza” ileile. Kihispania kinazitenganisha: *Busco a alguien que hable suajili*, lakini *Conozco a alguien que habla suajili*. Wa kwanza huenda hayupo kabisa.

Tumaini. Neno *ojalá* lilitoka katika Kiarabu cha Hispania na ndani yake mna jina la Mwenyezi Mungu, kama ilivyo katika “inshallah” yetu. Likitangulia jambo la sasa au lijalo, hufuatwa na umbo hili: *Ojalá trabajen mañana*, “Inshallah watafanya kazi kesho”. Usilifananishe na “laiti”, ambayo hulilia jambo lililokwisha kupita au lisilowezekana.

## Hatua ya 8: Jipime

Tafsiri ujumbe huu kwa Kihispania bila kufungua daftari. Umeandikwa kwa dada.

“Dada, nataka umwandikie barua mwenye nyumba. Ni lazima tulipe kodi kabla mwezi haujaisha. Sidhani kama anaishi mjini sasa. Ukifika ofisini kwake, usizungumze na mlinzi. Mtafute katibu muhtasi. Natumaini watakupokea vizuri.”

Ukimaliza, linganisha na hii:

*Hermana, quiero que escribas una carta al dueño de la casa. Es necesario que paguemos el alquiler antes de que termine el mes. No creo que viva ahora en la ciudad. Cuando llegues a su oficina, no hables con el guardia; busca a la secretaria. Espero que te reciban bien.*

Hali tegemezi zipo saba: *escribas, paguemos, termine, viva, llegues, hables, reciban*. *Busca* si mojawapo. Ni amri ya kawaida kwa mtu wa karibu, na ukiwa umeandika *busque* rudi hatua ya 6. Ukiwa umeandika *escribes* au *reciben*, irabu bado haijakaa, na hatua ya 3 inakusubiri. *Pagemos* ni la tahajia, hatua ya 4. Aliyeandika *antes de que no termine* au *no creo que vive* arudie hatua ya 7 kesho asubuhi, kisha aandike ujumbe mwingine wa namna hiyo kwa mtu wa nyumbani kwake.